Mashine haijui bilulu ni nini

Kamarade, mkutano wetu wa siku ya posho ulimalizika bila kusikilizana, na kura ikasogezwa kwa wiki yenye kuja. Swali lenye kutugawa ni moja: harakati yetu itie sahihi ao isitie ku barua yenye kuomba serikali ifunge TikTok kwa muda mu Haut-Katanga, na iongeze miaka ya buloko kwa kila mtu mwenye kutuma maneno ya ukabila? Wengi walinyanyua mkono kusema ndiyo. Mimi nilisema hapana. Nilisema vibaya, kwa hasira, na dakika 3 zenye nilipewa ziliisha mbele ya kufika ku sababu zangu. Njo maana naandika.

Video zenyewe tumeziona wote. Kijana anakaa mu gari, miwani ya jua, muziki wa chini-chini, anaangalia kamera na kusema kwa Kiswahili cha kwetu kabisa: “Bale bantu beko bilulu. Barudie kwabo.” Vicheko. Mioyo myekundu, mia na mia. Halafu video ya kujibu inatoka upande mwingine: Wakatanga ni wavivu, muji huu ungekuwa pori kama si sisi. Mioyo tena. Mpaka mangaribi, watu wenye walipanda taxi-bus moja asubuhi wanaangaliana kwa jicho la pembeni. Juu ya hatari hiyo hatuna ubishi, mimi na wenye kuunga mkono barua. Ubishi wetu ni juu ya dawa.

Kwa wadogo wenye hawakuelezwa nyumbani: kilulu ni mdudu, basi. Mama mwenye kuuza maharagi ku soko ya Kenya akikwambia “maharagi ya jana iliingia bilulu”, anakupa habari ya kweli na inafaa umushukuru. Lakini mwaka 1992 neno hilo lilipanda ku jukwaa. Mwezi wa munane mwaka ule, Konferansi ya Taifa mu Kinshasa ilichagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu pahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Hapa kwetu gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama UFERI. Mu mikutano ya watu wengi, watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu wenye kula mali ya wenyeji. Vijana wa chama, JUFERI, wakapita nyumba kwa nyumba. Ilianza Lubumbashi, ikakamata Likasi mu mwezi wa tisa na wa kumi, ikafika Kolwezi mu mwezi wa tatu 1993. Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa. Walirundikana ku magare wakingoja treni ya kwenda Kasai, pahali wengi wao hawakuzaliwa na hawakuwahi hata kutembelea. Wengi walikufa njiani na ku magare: njaa, kuhara, surua ya watoto.

Mama yangu alikuwa mtoto ku gare ya Likasi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mine, asili yake Mwene-Ditu. Walilala pale wiki nyingi chini ya hema ya mifuko. Mdogo wake wa mwisho hakupanda treni, walimuzika mbele ya treni kufika. Kisha miaka mama alirudia huku, akaolewa na baba yangu, mtu wa Kasenga. Kwa hesabu ya yule kijana wa miwani, mimi ni nusu mwenyeji na nusu kilulu, na sijui ni nusu gani inatakiwa kurudia kwao. Nasema hivi si kwa kutafuta huruma. Nasema juu kuko kamarade mwenye aliniuliza siku ya posho kama “nateteaka wenye chuki”. Hapana. Najua neno linafanya nini likiachwa litembee.

Sasa tuone lile neno linafanya nini ndani ya telefone.

Mwaka jana niliandika maelezo marefu juu ya 1992 na kuyaweka ku mtandao mmoja mkubwa, jina nitaacha. Niliweka picha moja ya zamani, familia zenye kukaa juu ya mizigo ku gare. Kisha saa mbili hivi maelezo yangu yakafutwa: “kinyume na kanuni za jamii yetu”. Lakini mbele yafutwe, watu 3 walikuwa wameisha kujibu chini yake kwamba kazi ile ya 1992 haikumalizika na bilulu bamerudi. Niliripoti majibu yale, moja-moja. Jibu lilifika kwa Kifaransa kizuri: tumeangalia, hatukuona kitu chenye kuvunja kanuni. Mwenye kueleza kidonda akafutwa, mwenye kutaka kukifungua tena akaachwa. Niliomba waangalie tena. Mpaka leo hakuna jibu.

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaanza kujifunza namna kazi hiyo inafanyika, juu shomere ana wakati, na nikaelewa kwamba hakuna mtu mwenye alinichukia. Hakukuwa mtu kabisa. Maneno mengi sana yanapita kila dakika, na kichujio cha kwanza ni mashine yenye ilifundishwa kwa mifano: hii chuki, hii si chuki, hii chuki, hii si chuki, mara milioni. Kwa Kiingereza mifano iko mingi. Kwa Kiswahili iko kidogo, na kile kidogo ni Kiswahili cha Dar es Salaam na Nairobi. Kule mdudu ni mdudu, wingi wadudu. Bilulu haiko mu kamusi yao. Na “bantu beko” je? Mashine ikiona “bantu” pengine inafikiri ni somo la historia ya makabila ya Afrika. Ongeza sasa kwamba tunasema Kiswahili na Kifaransa na Kibemba na Tshiluba mu sentensi moja, na kila mtu anaandika kwa ortografe yake. Halafu kuko maneno yenye kubadilika kufuatana na mdomo. Wewa, kwa Tshiluba, ni “wewe”. Njo jina la wenye taxi-moto. Mtu anaweza kuita wewa kwa upendo, kisha jirani yake akasema wewa na ukasikia kisu ndani. Mashine gani itasikia kisu?

Musifikiri ni manunguniko ya mtu wa Lubumbashi mwenye wivu. Mu mwezi wa saba 2022, mbele ya uchaguzi wa Kenya, mashirika mawili, Global Witness na Foxglove, yalifanya jaribio. Yaliandika matangazo yenye kuita watu kuua na kukata wengine juu ya kabila, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yakayapeleka Facebook kuomba yaruhusiwe, na kuyaondoa mbele mtu yeyote ayaone. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza, na sababu yenye ilitolewa ilikuwa kanuni ya sarufi na matusi. Wakasahihisha sarufi, yakapita. Soma tena hiyo sentensi, kamarade wenye mulisoma Lettres ku UNILU: mwaliko wa kuua, lakini bila makosa ya sarufi, karibu sana. Tume ya Kenya yenye kusimamia umoja wa taifa, NCIC, ikapatia Facebook siku 7 kujirekebisha ao isimamishwe. Na hapa njo nataka musikie: mawaziri wa Kenya wenyewe, Joe Mucheru na Fred Matiang’i, wakasema hapana, hatutafunga mtandao.

Na watu, wale wenye macho na masikio? Walikuwako. Facebook ilikuwa na watu Nairobi, mu kampuni Sama, wenye kuangalia vitu vyenye mashine haikuweza kuamua, kwa lugha nyingi za Afrika. Siku nzima wanaangalia watu kukatwa vichwa na watoto kuteswa, kwa mshahara mdogo sana. Mmoja wao, Daniel Motaung, aliyajulisha yote hadharani mwaka 2022 na kupeleka kesi. Mwanzo wa 2023 Sama ikaacha kazi hiyo, na wenzake zaidi ya 180 wakaenda mbele ya tribinali ya Nairobi wakisema walifukuzwa bila haki. Halafu mu mwezi wa kwanza 2025 Mark Zuckerberg akatangaza kwamba ku Marekani kampuni yake inaacha kazi ya wenye kuhakikisha habari, na kwamba mashine zitaangalia zaidi mambo makubwa tu, mengine yatangoja mpaka mtu aripoti. Kama nyumbani kwake analegeza, kwetu atakaza?

Kwa hiyo ndiyo, mitandao ina deni kwetu, na deni hilo barua yetu hailigusi hata kwa mstari mmoja. Barua inaongea na serikali peke yake. Tuongee basi juu ya serikali.

Mimi nilikuwa na miaka 18 wakati wa uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018. Kesho yake intaneti ikakufa inchi nzima. SMS pia. Signali ya RFI ikakatwa. Ilidumu karibu siku 20, mpaka tarehe 19 mwezi wa kwanza 2019, kisha Korti ya Katiba kukaribia kumaliza kazi yake. Wenye kuwa karibu na Kasumbalesa walikuwa wanatafuta rezo ya Zambia. Sisi wengine tulikaa mu giza na redio ya serikali. Sababu yenye tulipewa? Kuzuia habari za uongo na fujo. Mu giza lile njo Corneille Nangaa, mkubwa wa CENI, alitusomea matokeo katikati ya usiku. Leo bwana huyo yuko upande wa M23. Tulifungiwa mdomo ili tusiharibu kazi ya yule.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kwanza 2015, vijana walipopinga sheria ya uchaguzi, intaneti na SMS zilikatwa. Mwezi wa kumi na mbili 2016, mandat ya Kabila ilipoisha, mitandao ikafungwa. Mwezi wa munane 2017 ARPTC ikaandikia makampuni ya telefone barua ya kulegeza koneksio ili picha zisipite. Picha, munasikia? Maneno wanaweza kuvumilia. Picha inawauma. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, kwa marche za Wakatoliki, intaneti ikakatwa tena mara kadhaa. Mwanzo wa mwezi wa pili 2025, M23 walipokwisha kuingia Goma, X na TikTok zikazibwa. Kila mara ilikuwa “kwa muda” na “kwa usalama”. Uganda nao walifunga Facebook mwezi wa kwanza 2021, mbele ya uchaguzi, na miaka ikapita bila kuifungua. Sasa sisi, harakati ya vijana, tuende wenyewe kubisha mlango na kusema: tafazali, tufungieni?

Fikiria tu mwezi wa kumi na moja 2025, wakati maji machafu ya kiwanda cha CDM yalimwagika mu makartie yetu. Watu walifilimu barabara zenye kujaa maji, zikazunguka, na waziri wa mine Louis Watum akaja kusimamisha kiwanda kwa miezi 3. Kama siku ile TikTok ingekuwa imefungwa kwa barua yenye sahihi yetu, tungelaumu nani?

Nifike ku sheria, juu hapo njo kamarade wetu wa Droit waliniongelea kwa sauti kubwa. Wanasema kuko pengo mu sheria. Hakuna pengo. Ordonnance-loi 66-342 ya tarehe 7 mwezi wa sita 1966 inakataza ubaguzi wa rangi na ukabila. Iko pale tangu Mobutu hajamaliza hata mwaka mmoja ku kiti. Ilikuwa na miaka 26 wakati bilulu ilipigiwa kelele mu mikutano. Haikumkamata gavana, juu gavana alikuwa njo serikali. Na kama munataka kucheka kidogo: mwaka 2019 Kyungu alipewa kuongoza baraza la SNCC, shirika la treni, na rais Félix Tshisekedi, mwana wa yule Étienne. Treni! Wakubwa walisameheana juu ya vichwa vyetu, hawakuuliza mama yangu. Alikufa 2021 bila tribinali yoyote kumuuliza juu ya 1992.

Mu Code du numérique, ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, maneno ya ukabila na ubaguzi yamekatazwa vilevile. Lakini ni artikle gani tunasikia kila siku? Ni 360: mwenye kuanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya mtu ku mitandao, mwezi 1 mpaka miezi 6 ya buloko, na amende ya franga 500.000 mpaka 1.000.000. Nani anaamua kwamba ni uongo? Parke. Nani anaenda kulalamika ku parke? Mwenye gari na avoka. Na angalia lile neno, “kupitisha”. Hata kama hukuandika wewe, umepitisha tu mu grupe ya familia, uko ndani.

Stanis Bujakera alijua hiyo. Ni mwandishi wa habari wa Actualité.cd, Jeune Afrique na Reuters. Tarehe 8 mwezi wa tisa 2023 alikamatwa ku uwanja wa ndege wa Ndjili juu ya makala ya Jeune Afrique yenye hata haikuwa na jina lake, makala juu ya kifo cha Chérubin Okende, aliyekuwa waziri. Telefone zake zikachukuliwa, wakafuata njia ya ujumbe mu WhatsApp na Telegram kutafuta nani alituma wa kwanza. Miezi 6 Makala. Tarehe 18 mwezi wa tatu 2024 tribinali ikamupa miezi 6 na amende ya milioni moja, kesho yake akatoka juu miezi alikuwa ameisha kuimaliza. Huyo ni mtu mwenye dunia nzima inamjua, mwenye mashirika ya Paris na New York yanamuandikia barua. Sisi watu wa Katuba na Ruashi nani atatuandikia?

Na sheria ile ingali na wenzake wazee. Artikle 74 ya Kode Penale, tangu wakati wa Mbelgiji, juu ya kumuharibia mtu jina. Ordonnance-loi 300 ya mwaka 1963 juu ya kumkosea heshima mkubwa wa inchi. Mu mwezi wa kwanza 2025 waziri wa sheria wa wakati ule, Constant Mutamba, aliandika kwamba mwenye kupitisha habari za jeshi la Rwanda na M23 atapata adhabu ya kifo. Kifo, kwa kupitisha habari. Wakati uleule CSAC ikasimamisha Al Jazeera siku 90 juu ya kuhoji mkubwa wa M23. Sipendi M23, najua wanafanya nini kwa watu wa Kivu. Lakini waziri mwenye kuweza kuandika hivyo asubuhi, wewe kamarade unataka kumwongezea miaka ya buloko ya kugawa mangaribi?

Kuko kamarade mmoja, namheshimu sana, aliniuliza swali lenye sikuweza kujibu siku ile. Alisema: RTLM je? Redio ile ya Rwanda, 1994. Wangeifunga mapema, watu wangapi wangekuwa hai? Nililala na swali hilo usiku 3.

Jibu langu ni hili, na kama ni baya munirekebishe. Ndiyo, RTLM ilipaswa kuzimwa. Lakini RTLM haikuwa redio ya raia wenye kusema ovyo. Ilikuwa ya watu wa karibu na serikali, na serikali ile njo ilikuwa na ufunguo. Wenye kuweza kuzima njo walikuwa wanataka isemwe. Ni 1992 yetu tena. Na wakati haki ilifika, ilifikia Arusha: tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 2003 tribinali ya kimataifa iliwahukumu Nahimana, Barayagwiza na Ngeze, watu wa redio na gazeti, kisha miaka ya kusikiliza mashahidi, na avoka wao wakijibu. Hawakuhukumiwa juu walimtukana mkubwa. Walihukumiwa juu waliita watu kuua watu. Huo mstari unaonekana hata bila miwani: mwenye kuita wengine wafukuzwe, wapigwe, wauawe, yuko upande mmoja. Mwenye kusema gavana ni mwizi, SNEL inatulaza mu giza, kampuni fulani inatia sumu mu maji, yuko upande mwingine, hata akikosea, hata akitukana. Barua yetu inasema “maneno ya ukabila na yenye kuchafua viongozi”. Mulisoma ile sehemu ya mwisho? Nani aliiweka? Niliuliza, kila mtu aliangalia mwenzake.

Nilete basi lenye napendekeza, juu kukataa tu ni rahisi.

Tutoe mu barua kufunga TikTok na kuongeza miaka. Tutoe viongozi. Pahali pake tuandikie parke ya Lubumbashi malalamiko ya kawaida, juu ya video mbili ao tatu zenye kuita watu wafukuzwe, za pande zote mbili, kwa sheria ya 1966 na kwa majina ya wenye kulalamika. Audience iwe wazi, kijana wa miwani awe na avoka, na sisi tuwe pale kusikiliza. Kama parke haitafanya kitu, tutajua kwamba shida haikuwa sheria. Na mu barua ileile tuombe wabunge wa Haut-Katanga waondoe buloko mu artikle 360. Mwenye jina lake limeharibiwa na uongo alipwe franga, asilipwe kwa miezi ya mwenzake ndani ya Kassapa.

Barua ya pili iende kwa mitandao, kwa majina yao. Wanapata pesa ya matangazo kwetu, kobalti ya batri za telefone inatoka chini ya miguu yetu, kwa hiyo wasituambie hatuna soko. Tuombe watu wenye kusoma Kiswahili cha Katanga, na cha Kivu pia juu nacho kiko mbali na cha Dar. Wapewe kazi ya kweli, yenye mshahara na munganga wa kichwa, si kama Nairobi. Mtu akifutwa ajibiwe kwa lugha yenye aliandikia, aambiwe ni neno gani, na akiomba iangaliwe tena, mtu aangalie. Sitajificha: diplome iko mu sanduku, kazi hiyo ningeomba mimi wa kwanza. Musinihukumu.

Na kuko pahali pamoja pahali mashine haifiki wala parke haifiki: audio za WhatsApp. Mengi ya sumu ya muji huu inapita pale, dakika 4 ya sauti, “mupitishe kwa watu 10”. Ujumbe umefungwa, kampuni haisikii, na mimi nataka ubaki umefungwa, juu siku ANR itaweza kusikia audio ya mwenye chuki itasikia na yetu. Pale ni sisi tu. Ni mjomba mwenye anatuma na ni wewe mwenye kunyamaza juu ni mjomba. Mu grupe ya familia ya baba yangu niliwahi kujibu audio moja kwa kuandika tu: “Yaya, mama yangu anasoma hapa.” Walinyamaza siku mbili. Kisha mwenye alituma akaniita kwa telefone, tukaongea karibu saa nzima, na hatukuelewana, lakini ile audio aliifuta yeye mwenyewe.

Kwa siku ya posho nimeanza daftari ya maneno: bilulu, wewa, na mengine 20 na kitu, ya pande zote. Kwa kila neno nimeandika linamaanisha nini kwa kawaida, nani analisema kwa kuumiza, na mfano wa sentensi yenye ni mbaya karibu na yenye haina shida. Daftari hii iende pamoja na barua ya mitandao. Wenye kujua Tshiluba na Kisanga kuliko mimi wakuje na kalamu, juu kuko maneno yenye najua yanaumiza na sijui kueleza sababu. Tuanze saa munane kamili. Fotokopi nimepata mwenye kunikopesha.